Chawa wa Bibi Walipohama

Nguo chafu ikichemka kwenye maji ya majivu ina harufu yake. Si mbaya, si nzuri. Ni kama uji uliomwagikia jikoni ukaungua, ukachanganyika na jasho la mtu. Mwezi uliopita bomba la mtaani kwetu hapa Same lilikauka hata tukasahau mlio wake, vyoo vya shule vikafurika, na mjukuu wangu akarudishwa nyumbani kutoka bweni, kichwa kinatembea chenyewe kwa chawa. Nikabandika debe, nikatia majivu, nikatumbukiza sare zake. Binti yangu akasema, "Mama, dawa si zipo dukani?" Nikamjibu kuwa dawa zipo na majivu yapo, akae pembeni. Lakini mvuke uliponipiga usoni, aliyekaa pembeni ni mimi. Ninyi wa rika langu mnaijua ile miaka ya uhaba, hamtaniuliza kwa nini hatukununua sabuni. Kwa hiyo nawaeleza ninyi.

Tulikaa milimani, juu ya Suji, kwenye migomba na ukungu. Sabuni ilikuwa habari tu. Unasikia imefika duka la kijiji, watu wanapanga foleni tangu alfajiri, ukifika mlangoni unaambiwa imebaki dawa ya viatu. Viatu vya nani? Mama yangu alikuwa na kanga pea moja, akifua kipande hiki anajifunga kile. Wapo waliovaa magunia, na hatukuwacheka, maana tulijua zamu yetu inakuja. Tulikula unga wa njano uliotoka meli za watu, tukaumwa matumbo. Lakini maji tulikuwa nayo, yalishuka kwa mfereji kutoka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kila nyumba na zamu yake. Mtu mwenye maji na majivu si mchafu. Hivyo ndivyo mama alivyosema, na mama hakusema sana.

Kule chini tambarare ndiko kulikoharibika. Baba mdogo wangu, Sifueli, mdogo wake baba, alikuwa anakata mkonge huko, anakaa kambini na watu waliotoka mikoa yote. Wanawake wetu wakishuka gulioni kuuza ndizi walirudi na maneno. Pampu ya kambi imekufa, hakuna kipuri. Watu wanakunywa lambo moja na ng'ombe. Vyoo vimejaa, sasa wanajisaidia kwenye mistari ya mkonge. Wanalala wanne kwa blanketi moja, na mablanketi yana chawa, siyo wale wa kichwani, wale wa nguo, wanaokaa kwenye mshono. Na kumezuka homa.

"Homa gani?" mama aliuliza.

"Inampiga mtu hadi anaongea na ukuta. Halafu inamwacha. Akishaanza kutembea, akidhani amepona, inarudi."

Mama hakuwa amesoma, na mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Lakini alijiandaa kwa ile homa kama watu wanavyojiandaa kwa njaa. Alianika maganda ya ndizi, akayachoma, akajaza majivu kwenye vyungu, maana majivu ya maganda ya ndizi ndiyo makali. Alitunyoa vipara wote kwa wembe, akajinyoa na yeye. Alimfanya baba achimbe choo kipya mbali na mfereji. Kisha akaweka sheria: yeyote atokaye tambarare asikanyage mlangoni kabla hajapita nyuma ya zizi. Huko lipo debe la maji yanayochemka na lipo gunia safi. Unavua, unatumbukiza, unavaa gunia, unasubiri nguo zikauke. Ndipo unakaribishwa.

Kijiji kizima kilicheka. Jirani yetu, Mama Nanzia, mdomo wake haukuwa na mlango. Alisimama kwenye ua akapaza sauti makusudi:

"Mama Eliamani! Nasikia kwako siku hizi mtu akija kusalimia anatoka uchi?"

"Anatoka safi."

"Na shemeji zako nao unawavua?"

"Nawapa mgongo. Wanajivua wenyewe."

"Hee! Mgongo una macho huo!"

Baba mdogo mwenyewe alipita kwenye sheria hiyo. Namkumbuka nyuma ya zizi, amevaa gunia, magoti nje kama ya mbuzi, sahani ya makande mkononi. Akaniita. "We mtoto, kamwambie mama yako gunia lake lina viroboto kuliko mimi." Nilikimbia kumwambia, na mama akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Baba mdogo alikuwa hivyo. Aliweza kumchekesha mtu aliyemvua nguo. Akashuka kazini kwake, hatukumwona tena.

Habari zililetwa na mwenzake wa kambini, alisimama mbali na nyumba akaita. Sifueli ameshikwa na ile homa, imemwacha, imerudi. Bibi, mama yake baba, alijifunga kanga kichwani palepale, akashuka na baba. Walifika wakakuta kaburi. Gari la kumpandisha mlimani lilikuwepo, dizeli haikuwepo, na joto la kule halingojei mtu. Wenzake walimzika pembeni mwa shamba la mkonge. Kwetu sisi mtu hazikwi kwenye mkonge. Anazikwa kwenye migomba ya baba yake, mama yake akitoka mlangoni anamwona. Walichompa Bibi ni blanketi alilofia, la kijivu, lina mstari mwekundu.

Niliwaona wakipanda. Baba alikuwa mbele. Bibi alikuwa nyuma, ameinama, na mgongoni amebeba mtoto. Nilishangaa, mtoto wa nani? Walipokaribia nikaona siyo mtoto. Lilikuwa blanketi, amelikunja, amelifunga kwa kanga mgongoni vilevile mtoto anavyobebwa, na mkono mmoja aliupeleka nyuma kulishikilia chini.

Mama alikuwa amesimama zizini, moto umewaka, maji yanatokota. Baba alipita nyuma, akavua, akatumbukiza. Bibi alinyoosha moja kwa moja kwenye kibanda chake. Mama akamfuata hatua kadhaa. Mkwe hamwambii mama mkwe avue nguo. Hata leo hamwambii, sembuse siku zile.

"Mama, pole," akasema mwishowe. "Nikupokee mzigo."

"Siyo mzigo," Bibi akasema. "Ni Sifueli."

Sasa nieleweni vizuri, maana vijana wetu hawayajui haya. Katika ukoo wetu, nguo aliyofia mtu haiguswi na maji mpaka tanga lianuliwe. Ukiifua kabla, umemfukuza marehemu hajapata pa kukaa. Siku za kawaida haina shida, nguo inakunjwa, inatiwa kwenye kikapu, inasahauliwa, kwa sababu watu wana kaburi la kulilia. Safari hii kaburi lilikuwa tambarare. Kwa hiyo Bibi alilitandika blanketi juu ya kitanda chake, akalinyoosha pembe zote nne, na msiba ukawekwa hapo. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vya jirani. Wanawake waliingia kwa zamu, wakapiga magoti, wakalaza mashavu juu ya lile blanketi, wakalia. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, naona mstari ule mwekundu ukichezacheza, na hakuna upepo.

Mama naye aliona. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nyuma ya zizi nikawasikia yeye na baba.

"Baba Eliamani, lile blanketi linatembea."

"Nimeona."

"Basi?"

"Basi nini? Mama hana kaburi la kukalia. Unataka nimnyang'anye na hilo?"

"Nataka homa isiingie humu."

"Nenda kamwambie wewe."

Mama hakwenda. Alichota majivu, akaendelea kuchemsha kila kitu kingine: nguo zetu, mikeka, hata kamba za ng'ombe. Alichemsha kama mtu anayepigana na mtu asiyemwona. Lakini mlangoni pa kile kibanda alifika akaishia hapo, kama kwamba kuna mbwa.

Kisha likaja jambo lingine la desturi. Mama aliyefiwa halali peke yake, analala na mjukuu wa kike, na mjukuu wa kike ni mimi. Mama alininyoa tena ingawa kichwa kilikuwa bado cheupe. Alininyoa mpaka nikalia. Akaniambia, "Kaa ukutani. Usiliguse." Lakini baridi ya kwetu mnaijua, na Bibi ndiye aliyenifunika.

Asubuhi tulikaa nje ya kibanda tukiota jua. Bibi alikuwa mkali, mrefu, ana meno yote. Msiba ulikuwa umemfanya mdogo. Kazi yangu siku zote ilikuwa kumwangalia chawa, kama wajukuu wote, kwa hiyo nikakunja upindo wa gauni lake, na nilichokiona sijawahi kukiona tena. Walijipanga kwenye mshono kama ushanga. Nikamchukua mmoja, nikamweka juu ya ukucha, nikaleta ukucha wa pili.

Bibi alinipiga mkono.

"Muache."

"Ni chawa, Bibi."

"Najua ni chawa. Alitoka wapi huyo?"

"Kwenye blanketi."

"Mwangalie tumbo. Amekunywa damu ya nani?"

Nikamwangalia. Alikuwa mweupe kama maji ya mchele, na katikati tumbo lake lilikuwa na doa jekundu lenye weusi, linapigapiga.

"Ya baba mdogo?"

"Ndiyo iliyobaki," Bibi akasema. "Hakuna nyingine duniani. Mrudishe."

Nikamrudisha. Nilikuwa mtoto, na mtu mzima niliyemheshimu kuliko wote alikuwa amenieleza jambo, nikalielewa kwa akili yangu. Nilielewa kwamba baba mdogo hakuzikwa kwenye mkonge. Amekatwakatwa vipande vidogo sana, amepandishwa mlimani, yupo kwenye gauni la Bibi. Kuanzia hapo sikuwaua. Waliponiuma nilitulia. Na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa ni baba mdogo kidogo, na baba mdogo alikuwa mkubwa wangu, asubuhi nilifunua upindo nikawaamkia. Niliwaambia chawa shikamoo. Msicheke. Au chekeni, lakini mjue nilikuwa namaanisha.

Ikaja asubuhi nyingine. Niliamka kabla ya Bibi, na jua lilikuwa limeingia kwenye ufa wa mlango. Niliona kitu juu ya shuka, utepe wa kijivu unaosogea. Unatoka shingoni kwa Bibi, unapita begani, unashuka kwenye mkono, unaingia upande wangu, na mwingine unateremkia kwenye mkeka. Walikuwa wanaondoka. Walikuwa na haraka, wanapandana. Nikafunua gauni kwenye mshono. Mtupu. Nikaangalia nyuma ya shingo, pale walipopapenda kuliko popote. Pasafi.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilisema, baba mdogo amepumzika. Amepata pa kukaa, anaondoka mwenyewe bila kufukuzwa na maji. Nikatoka mbio mpaka uani, ambapo wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanapukuchua mahindi ya makande ya msiba, mama yumo, Mama Nanzia yumo anawachekesha wengine chinichini.

"Mama! Baba mdogo ameondoka! Chawa wa Bibi wamehama wote!"

Mahindi yaliacha kulia kwenye ungo. Niliwaangalia usoni, mmoja mmoja, nikingoja wafurahi. Mama Nanzia alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja mzee alianza kusema jina la Mungu. Kila aliyekaa pale alijua chawa humhama mtu gani. Humhama maiti. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natabasamu.

Mama alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

Bibi hakuwa amekufa. Alikuwa anawaka. Ukimgusa unarudisha mkono. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba chawa anapenda joto la mtu mzima wa afya. Mtu akipoa anamkimbia, na akiungua kwa homa anamkimbia vilevile, anatafuta mwingine. Na mwingine, asubuhi ile, alikuwa amelala ubavuni kwake.

Mama alitoka kibandani amelishika blanketi mikono imenyooka mbele. Uani wanaume walikuwa wamesimama, wazee wa ukoo na baba. Waliona anakoelekea wakapiga kelele. Baba akaja akasimama kati yake na debe.

"Mama Eliamani. Hujanikosea hata siku moja. Usianze leo."

"Nipishe."

"Ukilitumbukiza hilo, umemzika ndugu yangu kwenye debe."

"Mama yako anaungua mle ndani," mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Nenda ukamguse. Halafu urudi uniambie nisitumbukize. Ukiniambia, sitatumbukiza."

Baba aliingia kibandani. Alipotoka alipita katikati ya wazee kama hawaoni, akaenda kwenye rundo, akachukua kuni, akaja akazisukuma chini ya debe. Kisha akakaa chini, akajifunika uso.

Mama akalitumbukiza. Kilio kilichopigwa pale sijakisikia tena, na nimezika watu wengi. Kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya habari, kwa sababu siku ile tuliambiwa amekufa, na leo tulikuwa tunaona. Maji yalipoanza kutokota, chawa walipanda juu. Walifunika maji kama pumba za mtama, wakamwagikia ukingoni, wakadondokea kwenye moto na kulia pya, pya. Nilipiga kelele kwamba anaungua, baba mdogo anaungua, mpaka mtu akanibeba akaniondoa pale.

Katikati ya kilio hicho Mama Nanzia alisimama. Alikuwa analia kweli. Akafungua kanga yake ya juu, akaitupa debeni.

"Na hii."

"Na ya chini," mama akasema.

"Hee! Mbele ya shemeji zangu?"

"Shemeji zako watageuka."

Wakageuka. Wazee wazima, na fimbo zao, waliangalia migomba. Wanawake wote waliokuwa wamelaza mashavu juu ya lile blanketi wakavua.

Kwa wengine ilikuwa imechelewa. Bibi alishushwa zahanati kwa machela, nami siku zilizofuata nikashushwa nyuma yake, maana homa ilinipiga hadi nikaongea na ukuta, kama tulivyoambiwa. Tulichomwa sindano. Ilituacha, ikarudi, tukachomwa tena. Wawili kati ya waliokuja kumlilia baba mdogo, tukawalilia na wao. Mmoja alikuwa ana mtoto anayenyonya. Wazee walisema mama ndiye aliyeleta hayo, kwa kumfukuza marehemu kwa maji ya moto. Wengine walisema laiti angelichemsha siku ya kwanza. Mama alibeba chungu cha majivu, akaingia nyumba kwa nyumba, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Jambo alilokuwa analiogopa lilikuwa moja, na nililijua kwa sababu kila alipokuja zahanati aliuliza: "Ameulizia blanketi?" Nami nilimjibu hajauliza. Bibi alikuwa amelala kimya, kichwa chake kimenyolewa, anatazama dari.

Tulirudi nyumbani tukitembea wenyewe, polepole, Bibi amenishika bega. Blanketi lilikuwa limetandazwa juu ya ua wa migomba, limekuwa jepesi, limenywea, mstari mwekundu umekuwa kama rangi ya udongo. Bibi alilipita bila kuligusa. Akakaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono, akaja akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika. Baba alisimama mlangoni. Mama Nanzia alichungulia kutoka upande wa pili wa ua. Kuku walikuwa wanapekua. Mama alibaki magotini na kichwa chini, na kile kipara chake kilikuwa kimeanza kuota nywele, nyingine nyeupe.

"Umemchemsha mwanangu?" Bibi aliuliza.

Baba alitaka kusema. Mama akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo, mama. Nimemchemsha."

Bibi akaitazama migomba.

"Alilia?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kudanganya. Hata watoto hakuwadanganya, ukiumwa alikuambia itauma. Niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Hapana, mama," akasema. "Alitulia. Alitulia kabisa."

Bibi akanyoosha mkono, akauweka juu ya kile kichwa.

"Marahaba," akasema.